Mtoto Aliyelala na Viatu

9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya mkweo, ambaye yuko chini ya sinki la wavulana na hana mkono mkavu wa kushika kalamu. Mtu aliyekuwa karani wa benki, leo anashindana na bomba, na bomba linaongoza. Sisi wazima, mafua tu, na mafua hapa huenda kwa zamu kama kuosha vyombo. Mguu wako unaendeleaje? Na paka, bado wanalala juu ya cherehani?

Kazi ni hii: asubuhi uji, kisha kuchana nywele, kisha mashuka ya waliojikojolea. Mchana maziwa na masomo, jioni wimbo na sala. Nilikuja nikidhani nitafundisha Biblia. Nafundisha kufunga vifungo. Lugha yao bado inanipiga chenga, na watoto wananicheka bila huruma, jambo ambalo limenisaidia kuliko kitabu.

Kuna mtoto wa kike, kama miaka minane. Mimi na mkweo tunamwita Viatu kwa sababu hulala navyo, kamba zimefungwa mafundo mawili. Ukijaribu kumvua anafungua mdomo kama anayepiga kelele, lakini sauti haitoki. Wiki iliyopita alivivua mwenyewe, akavipanga chini ya kitanda, akatoka mbio uani peku kuufuata mpira. Alikuwa anacheka. Shangazi, nilishindwa kuvumilia, nikampiga picha. Mama Mlezi, anayeongoza nyumba hii, hapendi kamera, wageni wote huziacha ofisini kwake. Nadhani ni adabu za huku tu. Nimepiga moja, nikaisafisha mjini, nayo ni hii. Nyuma yake ni geti letu na kibao chenye jina la nyumba.

Waonyeshe akina mama wa maombi ya Alhamisi. Wakiwa na uso wa kuuombea wataomba kwa bidii, kuliko kusema "na wale watoto wa huko" halafu amina.

Mwanao

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya mkwe. Mwambie bomba halisomi hesabu, lipigwe nyundo. Mguu unaniruhusu kwenda kanisani na unanikataza kwenda sokoni, kwa hiyo umeokoka. Paka mmoja amezaa ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa. Mke wa kaka yako naye amejifungua, lakini si ndani ya kapu. Ni wa kike, ana sauti ya mnada.

Picha yako ilipita mikononi mwa akina mama wote. Yule muuza mkaa, ambaye hata msibani kwake hakulia, aliishika muda mrefu akaacha alama ya kidole pembeni. Tumemwombea mtoto huyo Alhamisi tatu mfululizo.

Nimemshonea gauni la kijani. Vipimo sina, lakini komeo la geti huwekwa kiunoni mwa mtu mzima, na yeye amesimama karibu nalo, kwa hiyo nimempima kwa komeo. Chini nimekunja mapindo mawili, moja ndani ya jingine. Akirefuka fumua la kwanza, mwakani fumua la pili. Uzi wake umo humo kwenye kifurushi. Shonea huohuo, maana kijani hicho nilikipata kwenye duka lililokuwa linafungwa, hukipati kwingine.

Kuna jambo jingine zuri limefanyika kuhusu picha hiyo, ila silisemi. Utaliona likikufikia.

Shangazi yako

11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mkweo anakusalimu, watoto wanakusalimu. Barua yako haijafika lakini siwezi kuisubiri.

Jana alikuja afisa wa ustawi wa jamii kumwona Viatu. Alipoondoka, Mama Mlezi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nilichopaswa kujua siku ya kwanza. Mama wa mtoto huyu aliuawa nyumbani kwao. Aliyemuua ni mwanamume aliyekuwa anaishi naye, baba wa kambo wa mtoto. Mtoto alikuwa chini ya kitanda na aliona. Alitoka dirishani akakimbia peku juu ya kokoto mpaka kwa jirani. Ndiyo habari ya viatu.

Mtu huyo alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana. Kesi itasikilizwa mwishoni mwa mwaka, na shahidi ni mmoja tu. Anamtafuta. Ameshakwenda kwenye nyumba mbili za watoto katika miji mingine, akijifanya mjomba. Ndiyo maana hapa hakuna kamera.

Sikumwambia Mama Mlezi kwamba nilipiga picha. 

Nakuomba uitoe mikononi mwa watu. Iweke kwenye Biblia yako au uichome. Nijibu upesi kwamba umefanya hivyo.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Yako imefika jana. Mguu umevimba tena, daktari anasema nipunguze kukanyaga cherehani, nami nimemwambia apunguze kupima watu. Paka wadogo wamefumbua macho. Mtoto wa kaka yako bado hana jina, wajomba wanagombana, na mimi nimekaa pembeni nikiwatazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Kwaya imegawanyika kwa ajili ya sare. Mvua imeng'oa bati moja la jikoni, fundi amelirudisha.

Tunamwombea mtoto. Sasa tunaomba kwa habari uliyonipa mimi peke yangu, wenzangu sijawaambia.

Picha ninayo. Iko kwenye Biblia yangu, katikati ya Zaburi.

Gauni limefika?

Halafu hebu niambie, hilo kanisa dada letu la huko mnakosali, huwa wanapokea jarida la kanisa letu? Nauliza tu.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Gauni limefika na limemkaa kana kwamba ulimpima kwa mkono. Alilivaa juu ya nguo nyingine akakataa kulivua, tukamwacha. Siku hizi viatu anavivaa mchana tu.

Jarida, ndiyo, wanalipokea. Huja furushi zima, na kurasa zinazotuhusu hubandikwa kwenye ubao wa mlangoni, kwa sababu wanafurahi kuona kwao kunatajwa. Kwa nini umeuliza?

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umenijibu kuhusu bati, kwaya na paka. Swali langu moja hukulijibu lote. Picha iko kwenye Biblia, sawa. Kabla ya Biblia ilikuwa wapi?

Naendelea Alhamisi. Barua ilikuwa bado mezani, sasa sina haja ya jibu.

Leo adhuhuri alikuja mtu getini. Mlinzi wetu tunamwita Bwana Subiri, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu, hata kwa gari la wagonjwa. Nilikuwa naanika mashuka, nikawasikia.

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Subiri."

"Nimesubiri nusu saa."

"Basi umeshajifunza. Endelea."

"Mzee, mimi si mwizi. Nimeleta mkate."

"Mwizi na mkate wanajuana vizuri tu. Subiri."

Viatu alikuwa jikoni anachambua maharage na mpishi. Mpishi ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Mtoto aliisikia sauti, akaweka chini beseni taratibu, bila punje kumwagika, akaingia chini ya meza. Mpishi alivuta kitambaa cha meza mpaka kikagusa sakafu, akaanza kukatakata kabichi kwa nguvu ili pumzi za mtoto zisisikike. Alikata kabichi zote za wiki.

Mimi nilikwenda getini, Mama Mlezi alikuwa mjini. Ni mtu msafi, shati limepigwa pasi, ana sauti ya upole. Alikuwa na ukurasa wa jarida letu uliokunjwa mara nne. Aliufungua juu ya komeo. Ni ile picha. Chini yake kuna maneno ya lugha yetu asiyoijua, lakini jina la nyumba linasomeka kwenye kibao.

"Huyu," akasema.

Nilisema simjui mtoto huyo. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama chini ya kibao kilekile.

Akakitazama kibao, akanitazama mimi, akatabasamu. "Imepigwa vizuri," akasema. "Wewe ndiye mpiga picha?"

Nadhani uso wangu ulimjibu. Aliuacha mkate juu ya ukuta akaondoka. Bwana Subiri aliutupa mkate jaani, akanawa mikono.

Jioni Viatu amevivaa tena. Mafundo matatu.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Leo sina habari za paka.

Ni mimi. Nilimpa katibu wa jarida picha hiyo kabla barua yako ya pili haijafika. Nilitaka makanisa yote yamwombee, na nilitaka watu waone kwamba binti niliyemlea mimi yuko huko anafanya kazi hiyo. Yote mawili ni kweli, na la pili ndilo lililonipeleka mbio ofisini kwa katibu. Barua yako ilipofika nilikwenda kuyachukua majarida, nikakuta yameshasambazwa. Nikakuandikia habari za bati.

Mweleze Mama Mlezi kila kitu. Mtaje shangazi yako kwanza. Halafu mwondoeni mtoto hapo. Usingoje barua yangu nyingine.

Shangazi yako

10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sikungoja. Nilimweleza Mama Mlezi siku ileile aliporudi kutoka mjini, na nilijitaja mimi kwanza, kwa sababu kamera ilikuwa yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Sasa wewe ni tundu kwenye ukuta, na tundu haliambiwi kitu." Ananisalimia vizuri, na chakula ananipakulia yeye. Lakini mlango wa ofisi hufungwa nikipita.

Viatu ameondolewa. Niliamshwa na ukimya wa kitanda chake, kilikuwa kimetandikwa. Gauni lako na viatu vimekwenda naye, uzi umebaki kwenye kopo langu la vifungo. Wanaojua aliko ni Mama Mlezi, afisa wa ustawi na mtu mmoja mwingine ambaye sikutajiwa. Si mkweo, nilimuuliza akachukia.

Yule mtu haamini kwamba mtoto hayupo. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi mwenye benchi nje. Anakaa hapo kila siku, wakati mwingine ananyolewa. Mkweo anasema akiendelea hivi kinyozi atabakiwa na mfupa tu wa kunyoa. Tulicheka, kisha tukaangalia kama pazia limefungwa.

Polisi walikuja wakamuuliza. Akasema anasubiri kinyozi. Si kosa.

Nikienda sokoni, anainuka. Hanisogelei. Nikisimama kwenye nyanya, naye anachagua vitunguu. Ananisalimia kwa sauti kila mara, "Mpiga picha, habari za leo?" na wauzaji wanadhani ni rafiki yangu. Juzi alibeba kapu la bibi mmoja mpaka barabarani, na bibi akambariki. Sasa sizungumzi na mtoto yeyote nikiwa nje, wala sitazami upande mmoja kwa muda mrefu, maana huwa anageuka kutazama nilikotazama.

Mwili wangu umekuwa wa ajabu. Mikono inafanya kazi sawasawa, napakua uji bila kumwaga. Lakini simezi. Natafuna tu.

Naogopa nikijua aliko, nitamwonyesha kwa macho. Na naogopa kutojua.

Usinitumie pole. Fanya kitu kama kipo.

Mwanao

14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nani amewaambia?

Jumapili kwenye ubao wa kanisa nimekuta jarida jipya. Picha ileile, safari hii ndani ya fremu nyeusi. Tanzia, kwa lugha yetu na kwa lugha yao, kwamba mtoto wetu tuliyekuwa tukimwombea amefariki kwa homa, na akina mama wa Alhamisi wanaungana na walezi wake katika majonzi.

Nilikimbia kwa Mama Mlezi. Nilimuuliza ni kweli? Akasema, "Sina la kukuambia." Nilimshika mkono, akautoa mkono wangu polepole kama anavyofanya kwa watoto.

Nilipotoka getini yule mtu alikuwa amesimama, hakukaa. Ukurasa mpya alikuwa nao. Safari hii alivuka barabara akaja karibu kabisa, hata nikasikia harufu ya dawa ya kinyozi.

"Pole na msiba," akasema. "Amezikwa wapi?"

Shangazi, nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikalia kwa sauti, watu wakasimama. Alinitazama nikilia, sijui kwa muda gani. Kisha akaukunja ukurasa, akautia mfukoni, akaenda zake.

Kama mnajua kitu, niambieni. Kwa homa gani? Alikuwa na nani? Alikuwa na viatu?

Mwanao

25 Mei
Kwa mkono wa muuguzi anayekuja kujitolea huko

Mwanangu,

Hii siipeleki posta. Muuguzi huyu ni mtoto wa muuza mkaa, anasafiri juma lijalo na atakukabidhi mkononi, kabla jarida halijafika. Ukiisoma, ichome.

Ulisema nifanye kitu kama kipo. Nililala na neno hilo. Kilichomfikisha mtu yule getini ni jarida letu. Analiamini. Basi jarida hilohilo limwondoe.

Alhamisi niliwaambia akina mama kila kitu, pamoja na sababu iliyonipeleka mbio kwa katibu. Hakuna aliyenifariji, na nilishukuru. Kisha nikawaambia ninachotaka: tumtangaze kuwa amekufa. Mmoja akasema kumtangazia kifo mtoto aliye hai ni kumwita mkosi. Muuza mkaa akamjibu, "Mkosi ameshaitwa, amekaa kwa kinyozi."

Nilikwenda kwa mchungaji, maana sikutaka kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Akasema, "Mama, mimi ni mzee, sisikii vizuri." Nilipofika mlangoni akaniita. "Tangazo hilo liwe lenu. Msiandike kwamba Bwana ametwaa. Msimtaje Bwana humo hata mara moja." Kisha akaniuliza kama nina mtu wa kuniandikia kwa lugha ya huko. Yeye alisoma huko ujanani. Akaandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, akiniambia ni mazoezi ya mwandiko.

Kwa hiyo ukiona tanzia, usiogope. Hatujui lolote kuhusu mtoto. Ni sisi tulioiandika. Mama Mlezi ataarifiwa na muuguzi huyuhuyu kwa mdomo.

Wewe kazi yako ni ndogo. Ukiulizwa, lia. Najua hujui kuigiza, ulikuwa ukivunja kikombe nyumba nzima inajua kabla hujasema. Jitahidi hivyohivyo.

Sijui kama hili ni dhambi. Nikifika mbele nitauliza, na nitapokea jibu.

Shangazi yako

20 Agosti

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya mkweo. Bomba la wavulana limepona, sasa linaumwa la wasichana.

Muuguzi amefika salama, mwishoni mwa Julai. Alizuiwa mpakani kwa ajili ya muhuri mmoja uliokosekana, akarudishwa, akaanza safari upya. Mzigo wako alinikabidhi mkononi. Niliutumia jikoni asubuhi hiyohiyo, uji ukaiva vizuri. Kwa kuwa ulichelewa, kazi ndogo uliyonituma nilikuwa nimeshaifanya bila kujua kwamba nimetumwa. Hakuna aliyeona tofauti.

Kuhusu msiba, tumepokea rambirambi zenu. Waambie akina mama wa Alhamisi kwamba tumezipokea kwa mikono miwili, na mzee asiyesikia vizuri mpe shikamoo yangu.

Kinyozi anamlalamikia kila mtu kwamba biashara imeshuka. Benchi lake liko wazi tangu siku ile ya Jumapili. Hata hivyo bado nasimama nyuma ya geti kabla ya kutoka, na sokoni nanunua nyanya nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Mwisho wa mwaka bado uko mbali. Mama Mlezi hajaniambia chochote na mimi simuulizi. Kuna siku nawaza huenda na yeye ananificha kama mimi nilivyomficha habari ya picha, na kwamba huko aliko mtoto kuna homa kweli. Wazo hilo huja nikichana nywele za watoto, nami nachana mpaka lipite.

Mtoto wa kaka yako amepata jina? Mguu je? Usikanyage cherehani sana, ingawa kitambaa kile cha kijani, kama kimebaki, usikigawe.

Jambo la mwisho, dogo tu. Jana mpishi alikuja chumbani kwangu, mtu ambaye hajawahi kuja. Alisimama mlangoni, akaangalia kopo langu la vifungo. Akauliza kama ninao uzi wa kijani wa kumwazima. Nilimuuliza anashona nini.

"Pindo," akasema. "Limekuwa fupi."

Nilimpa uzi wote na sindano. Akasema ataurudisha. Nikamwambia akae nao, mwakani atauhitaji tena.

Mwanao